Kahawa ya Nasma

…na siku mtu akimuuliza leo walikuwapo nani, Joanitha atasema walikuwapo wanne, Avit mume wake, Nasma mgeni wa Avit, mtoto Ishengoma amelala mgongoni, na yeye mwenyewe, ingawa yeye huenda asihesabiwe, maana wale wawili wako sebuleni mbele ya televisheni na yeye yuko huku, nyuma ya pazia, mkono mmoja umeshika kitako cha mtoto na mwingine umeshika kikapu kidogo cha kahawa, kahawa ya kutafuna, akamwani, iliyochemshwa na majani yenye harufu kisha ikaanikwa hadi ikawa nyeusi na ngumu, kahawa nzuri, hilo hawezi kulikana, imepikwa Kaagya na mtu anayejua kazi yake, na hapo ndipo miguu ilipogoma, hatua moja kabla ya pazia, kwa sababu kahawa hii si yake, ni ya Nasma, Nasma ameileta mwenyewe, amefika mlangoni na manyunyu kwenye mtandio, akavua viatu akaviegemeza ukutani vizuri kama vya mtoto wa shule, akatoa kifuko kwenye mkoba, "Mama Ishe, bibi kakupikia, kasema nisizoee kuja mikono mitupu," akacheka, na meno yale, na Joanitha akapokea kwa mikono miwili kama alivyolelewa, akasema ahsante sana waitu, umshukuru bibi, na moyoni akasema ameniweza, huyu mtoto wa watu leo ameniweza… maana wiki zote hizi kila Nasma alipokuja Joanitha alimwambia "kahawa imekwisha, dada, utusamehe," na haikuwa imekwisha, kopo zima liko chini ya kitanda, limejaa hadi mfuniko, limetoka kwao Kamachumu, na kwao Kamachumu mgeni akishaketi, hata habari za njiani hajaulizwa, mwanamke wa nyumba huleta kikapu, mgeni akachukua punje chache akaanza kutafuna, ndipo maneno yanaanza, na mgeni asiyeletewa kikapu hahitaji kuambiwa kitu, anajua, anamaliza kilichomleta na kuaga mapema, na Nasma si mtu wa mbali, ni Mwislamu wa mjini lakini bibi yake ni wa Kaagya, hawezi kusema hajui, anajua, alijua toka siku ya kwanza, na leo amenijibu, amenijibu kwa kahawa yenyewe, kana kwamba anasema haya, umeninyima, basi chukua hii unipe…

"Twende, narekodi," ni sauti ya Avit, ile sauti yake ya kwenye simu za watu, imenyooka kidogo kuliko ya nyumbani, "wapenzi wa gemu karibuni tena, ni mimi Avit, niko Ijuganyondo, Bukoba, na pembeni yangu kama kawaida yuko Nasma," kama kawaida, anasema kama kawaida, kawaida hiyo ilianza lini na nani alipiga mhuri, "na leo ndiyo leo, tunatoa hukumu ya Shimoni, mmetusumbua mno, Avit sema, Nasma sema, haya leo tunasema," na Joanitha anaijua Shimoni, asingeijua vipi wakati inalala naye nyumba moja, kuna lile gemu lenyewe la zamani ambalo jina lake la Kizungu ni refu na watu wa Bukoba hawakujisumbua nalo, wanaliita Panga Mbili, kwa kuwa yule mtu wa ndani yake anatembea na mapanga mawili katika nchi iliyokufa akipigana na wanyama ambao hata Mungu hakuwaumba, na mwaka huu watengenezaji wameleta nyongeza, nchi nyingine chini ya nchi ile, giza tupu, ndiyo watu wakaiita Shimoni, na ukiingia Shimoni nguvu zote ulizokusanya juu hazikusaidii, unapigwa na mnyama wa kwanza tu kama mtoto wa chekechea, na dunia nzima imegombana kwa ajili hiyo, wachambuzi wakubwa wa Ulaya waliopewa mapema waliimwagia sifa, wakasema haijawahi kutokea, kisha watu wa kawaida wakainunua, wakafa, wakarudi, wakafa, wakaanza kulia kwenye mitandao kwamba hii si burudani, huu ni ukatili, na wale wa kwanza wakawajibu nyie ni wavivu, na Waswahili nao, kila mtu akamgeukia Avit wake, Avit wa Joanitha, fundi simu wa mjini mwenye chaneli ya uchambuzi wa gemu kwa Kiswahili, wewe unasemaje, na Avit hakuweza kusema peke yake, alikwama kwa mnyama wa mwisho hadi akarusha padi ya kuchezea ukutani, alama iko pale juu ya kochi, ndipo akamleta Nasma, binti anayeuza vifaa vya simu dukani kwa baba yake mdogo Najibu, mlango wa tatu kutoka kwa Avit, ambaye watu wote mjini wanasema hakuna wa kumpiga kwenye Panga Mbili, na Nasma akaketi kwenye kile kiti, kiti cha mbao chenye mto wa bluu, na mto ule nani aliushona… "Mimi naanza na lawama," anasema Avit, "mimi Shimoni naipa sita kwa kumi," na Nasma anaruka, unasikia kiti kinalia, "sita! Sita ya nini, Avit, sita anapewa mtu aliyeshindwa halafu akaonewa huruma," "ndiyo hiyo hiyo, nimeionea huruma," "wewe ndiye uliyeonewa huruma, tuwaonyeshe watu ukuta?" na wote wawili wanacheka, na ni kicheko kizuri, ndicho kinachouma, kingekuwa kicheko kibaya mtu angejua la kufanya, angeingia na ufagio, lakini ni kicheko cha watu wanaoelewana, na yeye lini mara ya mwisho alicheka hivyo na Avit, kabla ya mtoto, kabla ya homa ya mtoto, siku zile za chumba cha kupanga, yeye ndiye aliyekuwa kwenye mto wa bluu, tumbo limemjaa hadi magotini, Avit anapigana na Panga Mbili na yeye anamenya karanga anamtilia mdomoni kwa sababu mikono yake haina nafasi, na akiona jasho limemshika na mishipa ya shingo imesimama anambembeleza kwa neno la Kihaya, weka chini bojo, weka chini ule kwanza, wanyama hao hawaendi popote, na Avit anaweka chini, anakula, anashika tena, anashinda, anamgeukia yeye kwanza, hata hajaangalia kama ameshinda vizuri, anamgeukia yeye… mto huo sasa umekaliwa, na wa kumlaumu nani, mto hauna mwenyewe, mto ni mto.

Na kama Nasma angekuwa mtu mbaya, ee Mungu, raha iliyoje, angemchukia akiwa amelala na akiwa ameamka, lakini tatizo la Joanitha tangu shuleni ni hilo, anaona mambo madogo, mwalimu wa darasa la nne alikuwa akimchapa kila mtu na bado yeye aliona kwamba watoto wasio na sweta aliwaweka upande wa jua, na huyu naye hivyo hivyo, anamwona, hataki na bado anamwona, anaona Nasma akimaliza chai anaosha kikombe na cha Avit, anakigeuza mdomo chini juu ya kitambaa, anaona siku ile yeye mwenyewe amerudi na ndoo kichwani, Nasma alimkanyaga Avit mguu, "mpokee mwenzio, wewe unakodoa macho," na Avit akaruka kumpokea, na ndoo ile ilikuwa nyepesi zaidi ya ndoo zote na nzito zaidi ya zote, maana kwa nini Avit aambiwe, kwa nini aambiwe na huyu, na siku ya homa ya mtoto Nasma hakurekodi, alikaa mlangoni, hakuuliza maswali, alimshikia mwavuli hadi kituo cha afya na upande wake yeye ukalowa wote, wema huu wote kila mmoja unamchoma pahala pake, kama mtu anayekufuta vumbi begani na wewe bega lina kidonda, na usiku huohuo aliota Nasma amembeba Ishengoma na Ishengoma anacheka, akaamka, akaanza kupanga begi… begi liko chini ya kitanda, ubavuni mwa kopo la kahawa, Jumamosi asubuhi gari la Muleba linamshusha njiapanda na kutoka hapo kupanda Kamachumu atapata pikipiki, na Avit amemwambia anakwenda kumsalimia mama, siku mbili, lakini ndani ya begi kuna koti la mtoto la baridi, na kadi yake ya kliniki, na picha ya harusi ameitoa kwenye fremu akaiacha fremu ukutani imegeuzwa, na vitu hivyo mtu hatembei navyo kwa siku mbili, hata mama yake alinusa kwenye simu, "unakuja kusalimia au unakuja kukaa?" "Kusalimia, Mae," "sauti hiyo si ya kusalimia, mwanangu, sauti hiyo ina mzigo," na yeye akasema mtandao unakatika, na mtandao haukuwa unakatika hata kidogo… "haya, nyamaza nisome komenti," ni Nasma sasa, "huyu wa Mwanza anasema Shimoni imetengenezwa na mtu aliyeachwa na mke," Avit anaguna, "huyu wa Morogoro anasema bora nikalime, jembe angalau lina huruma, huyu anasema wachambuzi waliolisifu wamehongwa, huyu anajibu wewe kacheze draft na babu yako… haya, huyu mwingine, jina lake silitaji, anauliza, anasema samahani, nyie wawili ni mume na mke, mbona mnabishana kama mmezaa?"

Mvua ya manyunyu kwenye bati, na mnyama wa Shimoni ananguruma mbali, pole pole, na Joanitha ametega sikio, sema, Avit, sema, maana yeye anacho alichokiona, hakuna aliyemsimulia, amekiona mwenyewe kupitia pembe ya pazia hili hili, Jumanne, walipomwangusha yule mnyama wa mwisho, Nasma ameruka juu, Avit ameruka juu, halafu Avit akaingiza vidole kwenye mfuko wa shati akatoa punje ya kahawa, anatembea nazo siku zote kama wanaume wa kwao, akaipasua kwa meno, na ndani ya punje mmekaa mbegu mbili zimelaliana tumbo kwa tumbo, akachukua moja akaweka mdomoni mwake, na ya pili akampa Nasma, na Nasma akaila, akaila ikiwa na unyevu wa mdomo wa mume wa mtu, akatafuna akiangalia televisheni kana kwamba amekula karanga, na Joanitha akarudi jikoni akakaa juu ya mkungu wa ndizi, kwa sababu yeye, siku ya kwanza kabisa, gulioni Kamachumu, mvulana mwembamba amekuja na mjomba wake kununua ndizi, akampa kahawa kutoka mfuko huo huo wa shati, "chukua, bojo," alimpa punje nzima, nzima kama anavyopewa mpita njia yeyote, kama angempa kondakta, na miaka yote alikuwa akiikumbuka punje ile kama hazina na kumbe kuna watu wanapasuliwa, wanapewa nusu, wanagawiwa kitu kilichokwisha ingia mdomoni, na yeye mke wa ndoa alipewa ganda na kila kitu… "Huyu?" anasema Avit, na sasa anacheka, si sauti ya simu, ni sauti ya nyumbani, "huyu niliye naye hapa? Jamani, huyu nimekula naye punje moja Jumanne, watu wa Kagera mmeshanielewa, nyie wengine nisikilizeni, huyu kwangu ni kaka, tena kaka mkubwa, ananionea," "kaka nani, usinioteshe ndevu mbele za watu!" "kaka ni kaka, ndevu zitakuja," "na uongeze kwamba mwenye mume yumo ndani na ana mchi, wasije wakanitafutia kifo bure"… na Joanitha bado amesimama palepale, anayarudia maneno yale, watu wa Kagera mmeshanielewa, na yeye ni mtu wa Kagera, ni mtu wa Kamachumu, ni mjukuu wa Celina, na hakuelewa, ee mama, alipitiwa vipi, yeye ambaye alilelewa kwenye mkeka wa Bibi Celina akisikia habari hii hadi akaichoka, habari ya omukago, Babu Karugendo na rafiki yake Mutembei, vijana, wamechanjwa chale kidogo tumboni, wamepasua punje moja, kila mmoja amepaka mbegu yake damu na kumlisha mwenzake, wakawa ndugu, si ndugu wa maneno, ndugu, watoto wa huyu ni watoto wa yule, mazishi ya huyu ni mazishi ya yule, na Bibi akifika pale alikuwa lazima acheke, "na Mutembei alikuwa na dada, mweupe, mrefu, kiuno kile, na Babu yako alikuwa na macho, alimwona kabla hajaniona mimi, lakini alikwisha kula mbegu, mwanangu, alikwisha jifungia mlango, angemwoa vipi dada yake? Akahangaika na njia hadi akanipata mimi niliye mgeni," mimi niliye mgeni… na alipokuja kukuposa alikupa nini, Bibi? Alinipa punje nzima, mjinga wewe, nusu anapewa ndugu, ukipewa nusu na mwanamume usitandike kitanda, umekwisha kuwa shangazi wa watoto wake.

Shangazi. Nasma ni shangazi wa Ishengoma, ndiyo maana yake, bila damu, kwa mchezo, kwa furaha ya kumwangusha mnyama wa televisheni, lakini Avit wa Kaagya kwa upande wa mama hawezi kuchezea kitu kile bila kujua amefanya nini, na Nasma aliyelelewa na bibi wa Kaagya hawezi kula bila kujua amekula nini, wote wawili walijua, aliyekosea kusoma ni yeye tu, aliyeiona kwa jicho moja kwenye pembe ya pazia… na kama hilo alikosea, je, hili la mkononi, kahawa hii, nisizoee kuja mikono mitupu, labda hakuna jibu lolote ndani yake, labda mtu aliambiwa kahawa imekwisha akaamini, ndiyo, aliamini tu, hicho ndicho kinachomfanya sasa uso umwake kama amechungulia chungu kinachochemka, alimwamini, akaenda akamwambia bibi yake kule Kaagya kwamba Mama Ishe wa watu ana mtoto mchanga, kahawa imemwishia na hana wa kumpikia, na mwanamke mzee asiyemjua akainama kwenye moshi akachemsha, akaanika, akapeta, kwa ajili ya mtu mwenye kopo zima chini ya kitanda… lakini usikimbie hivyo, Joanitha, usijisafishe haraka hivyo, maana wivu haujaondoka, upo, ameupapasa na umo mulemule, umebadilisha kiti tu, maana hata kama ni kaka, hata kama ni shangazi, ni yeye aliye kwenye mto wa bluu, ni yeye anayetajwa jina, Nasma, Nasma, siku nzima Nasma, na mimi tangu nimezaa sina jina, ni Mama Ishe, Mama Ishe chai, Mama Ishe taulo la mtoto, ni heshima, anajua ni heshima, majirani wote wanaitwa hivyo, ila heshima nayo inaweza kukufunika kama blanketi hadi watu wakasahau kuna mtu chini yake… "mimi narudi kwenye hoja yangu," Avit anasema, "Shimoni inamdharau mtu aliyekuwa nayo tangu mwanzo, nimekuja na levo zangu zote, nimehangaika mwaka mzima, imenivua kila kitu mlangoni," "haijakuvua, Avit, imekwambia huku ni kwingine, kuna vile vipande vinavyong'aa, unaviokota huku huku, kimoja kimoja, ndivyo vinakupa nguvu ya huku, wewe hukuviokota, ulikuwa na haraka na mnyama, ulisema mimi ni bingwa wa juu," na Joanitha anayadaka maneno hayo, vipande, huku ni kwingine, nguvu za juu hazifanyi kazi… ni kweli, walikuwa mabingwa wa juu, wao wawili, kwenye kile chumba cha kupanga, karanga na kicheko, halafu akaja mtoto na chini ya nchi ile ikafunguka nchi nyingine na wote wawili wakaingia wakidhani watapigana kwa mapanga yale yale, na hakuna aliyeinama kuokota kitu.

"Nitasema kweli," anasema Avit, na sauti yake imepungua, "msije mkanicheka, Panga Mbili ile ya kwanza sikuimaliza kwa ubingwa, niliimaliza kwa sababu ya Joanitha," na kikapu kinainama, punje moja inaanguka, inabingirika hadi chini ya pazia na kusimama nusu huku nusu kule, "nani?" anauliza Nasma, "Joanitha, mke wangu, Mama Ishe, alikuwa anakaa hapo ulipokaa, nikianza kuchanganyikiwa ananiambia weka chini ule, basi, ndiyo siri yote, hii ya sasa nimeicheza bila mtu wa kuniambia weka chini, ndiyo maana ukuta uko vile, kwa hiyo labda sita yangu si ya Shimoni, ni ya ukuta," na Nasma anacheka kidogo, halafu hacheki, "sasa si umwite, kiti hiki si changu, mimi hata sakafuni nakaa," "hapana, mwache, mtoto anamkesheza kila usiku, ndiyo nikaweka pazia, angalau alale kidogo, na wewe punguza tena sauti ya mnyama huyo," "nimeshapunguza, nikipunguza zaidi nitakuwa nacheza kiziwi"… mwache alale, kumbe anadhani nimelala, na ndiyo maana, sasa anasikia alichokuwa hasikii, wanyama wa siku zile za karanga walikuwa wakitikisa vikombe kwenye kabati, mwenye nyumba aligonga ukuta, na wa leo ananguruma kama paka aliyeshiba, na wiki zote hizi yeye alidhani sauti imeshushwa ili yeye asisikie wanayoongea, na pazia, pazia alilolining'iniza Avit mwenyewe kwa misumari na ulimi nje kama mtoto anayeandika, alidhani amefungiwa nje na kumbe amefungiwa usingizi, na hasira inampanda, hasira mpya, tamu kidogo, nani alikwambia nataka usingizi, Avit, nani alikuagiza, ungeniuliza, mtu mzima unamuuliza, nataka kulala ndiyo, nataka kulala mwezi mzima, lakini nataka pia kumwona mnyama huyo anafananaje, nataka kuona mikono yako ikiwa imeshughulika nikutilie karanga, nataka kukwambia weka chini, na wewe Nasma usikae sakafuni, sakafu ni baridi, bibi yako atasema nini, kiti kingine kipo jikoni, mguu wake mmoja mfupi lakini kipo… na Jumamosi, anajiuliza, na Jumamosi, na picha ya harusi iliyo kwenye begi inajipinda pembeni pale, picha hazipendi kukunjwa, na Mae atasema sauti hiyo sasa ya nani, na Joanitha bado amesimama, hajasogea, pazia liko vile vile, mvua iko vile vile, mtoto anavuta pumzi kwenye uti wa mgongo wake na kuiachia, wale wawili bado wanabishana, "tisa," "sita na nusu basi," "nusu ya nini, hii ni gemu au nyanya," na punje iliyoanguka iko pale chini ya pindo, nusu kwao nusu kwake, nzima, haijapasuliwa, na anaitazama, na anajua kwamba kahawa ya Nasma haitaingia sebuleni leo, si kwa ubaya, ila mgeni hapewi alichokuja nacho, hiyo si adabu, hiyo itakaa, itapelekwa kwa Mae, leo mgeni atapewa ya nyumba hii…

Uchambuzi ulitoka Ijumaa, Shimoni ikapata nane kwa kumi, na karibu na mwisho inasikika sauti ya mwanamke inasema karibuni kahawa, na kahawa ile ilikuwa ya Kamachumu.